Kitambaa Chekundu Nilichokirudisha Mkobani

Nina miaka arobaini na sita. Naishi Raskazone, hapa Tanga, na uani kwangu, pale ambapo wenzangu huanika nguo, limeegemea ukutani pangaboi la ndege lililopinda. Wageni wakiliona huuliza. Huwa nawajibu kuwa ni pambo tu. Leo nawaeleza ninyi wasomaji wenzangu ukweli wake, na atakayenihukumu na anihukumu... nimeshajihukumu kabla yake.

Mimi naitwa Salha, binti wa fundi. Marehemu baba yangu alitunza kwa miaka mingi kindege cha mzungu mmoja wa shamba la mkonge, kindege cha injini moja na viti vinne. Wenzangu walipokuwa wakicheza rede, mimi nilikuwa nampokeza baba spana. Nilijua harufu ya oili kabla sijajua harufu ya udi!

Baba alikuwa na desturi moja bandani mwake. Ukutani alitundika kitambaa chekundu. Yeyote aliyeona kasoro kwenye ndege, hata mfagizi, alikuwa na ruhusa ya kukichukua na kukifunga kwenye pangaboi. Kikishafungwa, ndege hairuki, na hakuna wa kukifungua ila aliyekifunga. Siku moja mfagizi alikifunga kwa sababu alisikia kitu kikikwaruza ndani ya bawa. Mzungu akaikosa safari yake, akafoka weee! Kufungua, kumbe ni panya. Baba alimpa mkono yule mfagizi mbele ya wote na kumwambia asante. Nilikuwa na miaka kumi, na sijaisahau siku ile.

Baba alipofariki aliniachia spana zake na kitambaa kile. Nilikuwa nakitembeza mkobani kama wengine wanavyotembeza tasbihi.

Mzungu alipoondoka nchini, kindege kilinunuliwa na Nassor, mfanyabiashara mwenye mashamba ya machungwa Muheza, mtu wa ukoo wa Kiarabu kama sisi. Yeye alirusha kwa kujifurahisha tu. Wengine hupenda mpira, wengine bao, yeye alipenda kuiona Tanga kutoka juu. Alianza kuja nyumbani kuulizia habari za ndege ile, maana hakuna aliyeijua kama sisi. Mara akaacha kuulizia ndege... Mimi nilikuwa mjane wa miaka thelathini na saba, sina mtoto, nina duka langu la vitambaa na ulimi wangu. Akaleta posa.

Nikaulizwa mahari. Nikasema nataka nusu ya ndege.

Shekhe aliinua uso akanitazama juu ya miwani. "Nusu ipi mwanangu, ya mbele au ya mkiani?" Baraza zima likaangua kicheko! Nassor ndiye aliyecheka kuliko wote, akasema amekubali, iandikwe. Ikaandikwa kwenye hati ya ndoa, na baadaye jina langu likaingia kwenye hati za ndege kando ya lake. Mnajua wenyewe, mahari ni mali ya mwanamke. Si ya mumewe, si ya kaka zake. Nusu ya ndege ile ilikuwa yangu kwa haki ya Mungu na ya serikali.

Tukagawana kazi. Yeye anarusha, mimi natunza kitabu. Ndani ya ndege mna mita inayohesabu saa za injini. Kila anaposhuka ananitajia namba, mimi naandika. Saa zikifika hamsini, tunampigia fundi Elibariki, anatoka Arusha na sanduku lake, anamwaga oili, anapima silinda, anaangalia valvu, anatia sahihi. Injini haina mdomo. Kitabu ndicho mdomo wake. Ukikidanganya kitabu umeiziba injini mdomo.

Miaka saba tuliishi hivyo, na nilikuwa na raha. Sasa nisikilizeni.

Mwaka wa nane Nassor alianza kupenda mazoezi. Kila Jumatano na kila Jumamosi, asubuhi, ati anakwenda kufanya mazoezi ya kutua. "Duru tatu tu, Bi Salha, nisije nikasahau kazi." Mimi niko dukani, nitajuaje? Jioni ananitajia namba, imesogea kidogo sana, naandika. Nilikuwa namsifu kwa watu, jamani! Nilikuwa nasema mume wangu ni rubani mwangalifu.

Siku moja nilikwenda bandani kupima oili. Nikavuta stiki, nikaifuta kwa kitambaa cheupe kama alivyonifundisha baba. Oili ilikuwa nyeusi kama kaniki! Nikarudi kwenye kitabu. Kitabu kinasema tangu Elibariki abadilishe oili, injini imekwenda saa tisa tu. Oili ya saa tisa huwa na rangi ya asali. Nilipomuuliza Nassor, alisema oili za siku hizi ni feki. Nikasema sawa.

Lakini mtoto wa fundi hadanganywi kwa oili. Baba, kila alipokaza nati, aliipitishia mstari mwembamba wa rangi. Nati ikifunguliwa, mstari unakatika. Mimi sikuwa na rangi ya fundi, nilikuwa na rangi ya kucha. Nikaingia chini ya dashibodi, nikapiga mstari mwekundu kwenye skrubu inayoshika waya wa mita. Jumatano ikapita. Alhamisi nikaenda kuutazama... Mstari umekatika.

Mume wangu alikuwa akichomoa waya wa mita kabla ya kuruka, na kuurudisha kwa dakika chache za mwisho ili namba isogee kidogo. Kwa nini? Nikapiga magoti nikakagua ndege nzima kama polisi. Kwenye matairi nikakuta mchanga mweupe na nyuzi za makumbi ya nazi. Chini ya kiti cha abiria nikakuta kikuba kimekauka, asumini na rehani vimefungwa kwa uzi. Mwanaume havai kikuba. Na mimi Nassor hakuwahi kunivisha.

Nilifunga duka, nikaenda Pangani, nikavuka mto kwa pantoni. Ng'ambo nikamkuta mama mmoja anauza madafu. Nikamuuliza kama huku huwa kunatua ndege.

"Aa, ile ya bwanake mwalimu Mwanaidi?" akanijibu bila hata kunitazama. "Hutua pale kwenye shamba la minazi. Jumatano na Jumamosi. Bwana mzuri wallahi, alimuoa kwa ndoa, tukala pilau."

Nikanunua dafu, nikalinywa lote, nikamshukuru.

Hapo nikaelewa. Gari la Nassor linajulikana Tanga nzima. Angevuka pantoni mara mbili kwa wiki, kabla ya mwezi kuisha ningesikia, maana pantoni ina macho na ina midomo. Kwa hiyo akapita juu! Na kwa kuwa mkewe ndiye mwenye kitabu, akaichomoa mita. Mwaka mzima. Kurudi nyumbani nilipiga hesabu kwa mafuta aliyokuwa akijaza, nikakuta injini ile imepita saa hamsini, imepita mia, na Elibariki hana habari.

Mtaniambia dini imemruhusu wake wanne. Naam, imemruhusu. Haikumruhusu kuchomoa waya. Angekuja akaniambia, "Salha, naoa," ningelia, ningemtupia sahani, kisha ningemzoea. Lakini alichukua kitu cha baba yangu, kitu nilichokitunza kwa mikono yangu, akakifanya kitanda cha uongo wake. Nilimchukia hadi meno yakaniuma.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angefunga kitambaa chekundu siku ile ile. Angempigia Elibariki. Mimi sikufanya hivyo.

Mimi nilitaka hadhira.

Kila mwaka, Jumamosi baada ya Idd ya kufungua mwezi, marubani wa kujifurahisha kutoka Arusha, Moshi na Dar hukusanyika Tanga na vindege vyao. Tunakula pweza na mkate wa kumimina, wanakaguana ndege, wanasomeana vitabu na kutambiana. Kwa watu wale jina ni kila kitu. Rubani anayedanganya kitabu hana tofauti na muuza maziwa anayetia maji. Nikajiambia: siku ile nitasimama katikati yao nikisome kitabu cha Nassor kwa sauti. Kisha nitatoa daftari langu nisome saa za kweli. Nitamvua nguo mbele ya wenzake, na watu watamkumbuka kwa hilo mpaka kaburini.

Zilikuwa zimebaki wiki saba. Nikanunua daftari. Kila Jumatano na Jumamosi nikamdodosa mfagizi wa bandani, nikaandika: ameondoka saa ngapi, amerudi saa ngapi, oili ina rangi gani. Nilikuwa na furaha mbaya, wasomaji wenzangu. Nilikuwa nampikia futari huku nacheka moyoni. Ramadhani nzima nimefunga, nasali tarawehe, na kifuani nimebeba jambo lile! Nilimtazama akila tambi, nikajisemea, kula baba, kula, siku zako zinahesabika. Hivi nilikuwa mtu gani?

Idd ikaingia. Idd tatu ilikuwa Jumatano.

Asubuhi ile nilimtangulia bandani. Nikavuta stiki, nikaifuta kwa kitambaa cheupe. Na pale, kwenye ule weusi, nikaona vumbi linametameta. Chuma. Injini ilikuwa inajila yenyewe kwa ndani.

Nilikitoa kitambaa chekundu mkobani. Naapa nilikitoa. Niliinua mkono mpaka kwenye pangaboi, nikakizungusha mara moja... Kisha nikafikiri. Nikikifunga, Nassor atauliza sababu, na kila kitu kitamwagika hapa bandani, mbele ya mfagizi na kuku wawili. Wiki saba zangu zitakwenda bure. Jumamosi ni keshokutwa tu na siku moja juu yake. Ndege imeruka mwaka mzima, itashindwa siku tatu?

Nikakirudisha mkobani.

Nassor akaja amevaa kanzu ya Idd, ananukia. Akasema anakwenda kupasha mikono moto ili Jumamosi asije akachekwa. Nikamwambia safari njema. Aliniaga kwa kunibusu mkono!

Je, nilitaka afe? Nimejiuliza mara nyingi. Nilitaka aaibike. Lakini siwezi kuapa kwamba kule chini kabisa ya moyo hakukuwa na sauti iliyosema, na ikianguka je, shauri yake. Na Mwanaidi? Mwanaidi sikumfikiria kama mtu. Kwangu alikuwa kikuba kilichokauka chini ya kiti.

Kabla ya adhuhuri simu ikalia. Ndege imeanguka ng'ambo ya mto Pangani. Nassor alikuwa anamtembeza mkewe sikukuu, wamenyanyuka tu juu ya minazi, injini ikakohoa, ikapiga kishindo, ikazimika. Akajaribu kutua ufukweni, maji yamejaa, hakuna ufukwe. Wakaingia kwenye visiki vya minazi. Yeye kachubuka paji la uso. Mke yuko taabani.

Nisiwafiche... nilifurahi. Kwa muda wa kufunga mlango wa duka na kutafuta viatu, nilifurahi. Nikasikia pia kwamba walivushwa kwa pantoni, pantoni ile ile aliyoikimbia mwaka mzima, imejaa watu wenye nguo za Idd, na wote wamemwona Nassor amepakata mke asiyejulikana Tanga. Nikasema, haya, hadhira ndiyo hiyo! Mungu kanipa kubwa kuliko niliyoitaka.

Jioni, hospitalini, Nassor alinivamia kwenye ukumbi. Hakuniomba radhi. Hakuniambia jina la mwanamke. Aliniambia wachunguzi wanakuja kesho kutoka Dar, na niziingize zile saa alizozificha kitabuni kwa mwandiko wangu, nitie na tarehe za zamani, kisha tuseme Elibariki alipigiwa simu akakataa kuja. "Nisitiri, Salha. Mke ni vazi la mumewe." Mwanamke wake yuko ndani amelala damu inamtoka, yeye ananisomea habari za vazi! Na alikuwa tayari kumtosa fundi wa watu, baba wa watoto, ili yeye abaki mkavu.

Nikampita, nikaingia wodini. Nilikwenda kumwona adui yangu, nisiwadanganye. Nilikwenda nimenyoosha shingo.

Nikamkuta binti wa miaka ishirini na tisa, hina ya Idd mbichi mikononi. Mguu wa kulia madaktari walikuwa wameshaukata chini ya goti. Aliponiona alijitahidi kuinua kichwa.

"Shikamoo dada," akasema. "Wewe ni dada Salha?"

Nikamuuliza amenijuaje. Akasema Nassor alimwambia habari zangu. Alimwambia tumeshaachana lakini bado natunza ndege, kwa kuwa mimi ni binti wa fundi na hakuna jicho kama langu. Akanisimulia na kisa cha kitambaa chekundu, na mfagizi, na panya. Alikuwa anatabasamu kwa maumivu.

"Mimi ndege naiogopa, dada. Ila kila siku kabla sijapanda nilikuwa natazama kwanza kwenye pangaboi. Najua ingefungwa isingefika kwetu, lakini nikiona kwa macho yangu hakuna kitambaa, nasema dada kaipitisha, napanda. Hata leo nilitazama."

Sikuwa na pa kuweka uso wangu. Mkoba ulikuwa begani, na kitambaa kimo ndani.

Naye si mjinga, ni mwalimu. Aliniangalia usoni, kisha akaniuliza neno moja tu. "Ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Nani angenisuta? Nikamjibu, "Nilijua."

Akageuzia uso wake ukutani.

Kesho yake wachunguzi walipofika niliwapa vitabu viwili. Kile cha uongo na daftari langu la kweli. Elibariki aliokoka, maana ilionekana wazi kuwa alifichwa ukweli. Nassor alivuliwa leseni. Na wale marubani waliokuja Jumamosi kula pweza walikula huku wanasoma mkasa wake simu kwa simu, na mpaka leo hakuna anayempa hata kiti cha nyuma. Lakini yule mchunguzi mzee, alipofika ukurasa wa mwisho wa daftari langu, ule wa vumbi la chuma, alivua miwani akaniuliza, "Hii uliiandika asubuhi, kabla hajaruka?" Nikasema ndiyo. Naye akaliandika jina langu kwenye ripoti yake. Nililistahili.

Kuhusu Nassor sijamaliza naye. Alikataa kunipa talaka kwa makusudi, akitaka mimi nidai khului, maana mwanamke anayejivua mwenyewe hurudisha mahari. Alilitaka lile gofu la ndege, lililokwisha kukokotwa kutoka ng'ambo hadi bandani, lote liwe lake aliuze vipande vipande. Nikamwambia nitakaa. Niliingia bandani na spana za baba, nikalifungua pangaboi kwa mikono yangu, nikalipakia kwenye kigari cha mizigo, Kirikuu, mpaka nyumbani. Tukakaa hivyo miezi kumi na moja, mke na mume wasiosalimiana! Mwisho alichoka yeye. Akatamka talaka mbele ya shekhe yule yule, na nusu yangu ikabaki yangu. Sasa bila sahihi yangu hauzi hata skrubu. Kila mwezi anatuma mtu, na kila mwezi namjibu: mwambie aje achukue nusu yake, ya mbele au ya mkiani, achague.

Hilo nalifurahia, na sitaki kuwadanganya kwamba nimesamehe.

Lakini Mwanaidi naye hajanisamehe. Naye alimwacha Nassor, amerudi kufundisha, anatembea na mguu wa bandia. Nilivuka pantoni mara tatu kwenda kwake. Mara mbili za mwanzo alinifungia mlango. Mara ya tatu aliufungua, akanisikiliza nimesimama, kisha akaniomba kitu kimoja. Nikampa. Kile kitambaa chekundu anacho yeye sasa. Alisema mimi sina kazi nacho tena.

Wasomaji wenzangu, wengi wenu hamna ndege. Lakini mna gari lenye breki mbovu, mna mtungi wa gesi unaovuja, mna waya ulio wazi kwa jirani mnayemchukia. Kama unajua, sema leo. Usingoje Jumamosi, usingoje watu wajae, usingoje utamu wa kumwona mtu akiaibika. Nami nilikuwa na haki yote mkononi, nikaitunza kama kiporo mpaka ikawa sumu. Mgomvi wako mdai, mshitaki, muache, mnyime sahihi mpaka azeeke... lakini kitambaa kifunge. Yule unayemwinda huwa hapandi peke yake.